Peugeot 504 iliyolala uani: kazi huanzia kwenye bati, si kwenye injini

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ukichungulia nyuma ya nyumba ya mtu aliyestaafu zamani, si ajabu kukuta Peugeot 504 imesimama juu ya matofali. Matairi yameisha upepo, kioo cha mbele kimefunikwa na majani ya mwembe, na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenye gari anasema ipo siku atalifufua. Watoto wake wanasema liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila bei ya chuma inapopanda hoja yao huzidi kupata nguvu.

Wamarekani wanaifahamu sana hali hii. Tangu Pontiac GTO na Ford Mustang zilipotoka mwaka 1964, magari yenye bodi ya wastani na injini kubwa za V8 yamekuwa ndoto ya vijana wao, na baadaye mradi wa wazee wao: mtu hununua gari lililooza ghalani, akalikalia kila mwisho wa wiki kwa miaka kadhaa hadi litembee tena. Ukanda huu haukupata magari hayo kwa wingi. Hapa misuli ya gari ilipimwa kwa kipimo kingine, yaani matope, vumbi na mashimo.

Kipimo hicho kilikuwa Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kuzipitia Kenya, Uganda na Tanganyika kama nchi moja. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Mdogo wake, 504, alishinda mwaka 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, kisha mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Ile ya kawaida, ambayo wengi waliijua kama gari la daktari, la mkuu wa wilaya au la abiria wa masafa marefu, ilikuwa na injini ya kabureta isiyofika nguvu-farasi 100. Sifa yake haikuwa mbio. Ilikuwa na springi laini zenye mwendo mrefu, na iliweza kupita mahali ambapo magari yenye nguvu zaidi yalikwama.

Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi ikaunganishwa Mombasa. Ndiyo maana bado zipo. Ndiyo maana pia zilizopo hazitaongezeka. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania hailikatazi gari kuukuu, ila hulitoza ushuru wa ziada. Mwenye kutaka 504 basi hana budi kuitafuta kati ya hizi zilizolala uani, na kila moja inayokatwakatwa na kuuzwa kwa kilo inazipunguza.

Anayeamua kuifufua mara nyingi huanza na injini, kwa kuwa injini ikinguruma moyo hufurahi na majirani husogea kutazama. Hapo ndipo miradi mingi inapofia. Injini ya 504 inaweza kutolewa, ikafunguliwa na kujengwa upya na fundi yeyote aliyekula chumvi ya kutosha. Bodi iliyooza ni shida nyingine kabisa. Gari hili halina chasi ya peke yake kama ya lori. Bati la sakafu na la chini ya milango ndilo linalobeba kila kitu. Likiliwa na kutu, gari limevunjika mgongo hata kama rangi inang'aa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mnunuzi na alale chini ya gari. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini itamwambia mengi: ipitishe kwenye bati, na pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Ayainue mazulia ya mbele na kudunga sakafu kwa bisibisi. Aangalie chini ya milango, ambako vitundu vya kutolea maji huziba kwa vumbi na maji yakabaki ndani. Kama gari lina dirisha la paa, mifereji yake huziba vivyo hivyo na maji huishia sakafuni. Afungue boneti na kukagua mahali zinaposhika shokapu za mbele kwa juu. Bati la hapo linabeba uzito wote wa mbele; likiwa limelika, ni afadhali kumshukuru muuzaji na kwenda zako. Gari lililokaa Dodoma au Nakuru bila hata kuwashwa kwa miaka mingi mara nyingi ni bora kuliko lililokuwa likitembea kila siku Mombasa, Tanga au Unguja, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma.

Kutu hukatwa hadi bati safi lionekane, kisha hupachikwa bati jipya la unene uleule. Kubandika kipande juu ya kilichooza ni kuifunika kutu iendelee kula gizani, na gereji nyingi hufanya hivyo kwa sababu mteja ameomba bei ya chini. Fundi wa kuchomelea akiwa na mashine ya umeme yenye waya mwembamba, afadhali hiyo kuliko gesi, maana moto wa gesi hulikunja bati jepesi. Betri ifunguliwe kwanza, na tangi la mafuta litolewe kabisa na kupelekwa mbali. Watu hudhani tangi tupu ni salama. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Vipuri vinahitaji miguu. Nairobi mtu huanzia Kirinyaga Road, Kampala huulizia soko la Kisekka, Dar es Salaam hushuka Gerezani. Akishindwa kote huko, hutafuta gari la pili la kuchinja, maana mara nyingi maiti mbili ndizo zinazozaa gari moja. Hapo mipaka huwa na faida na hila zake. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto, hivyo usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume. 504 iliyopatikana Bujumbura itatoa injini, gia boksi, boneti, bampa na hata milango kwa ajili ya gari la Arusha, lakini dashibodi na mashine yake ya usukani havitamfaa mwenye gari. Aidha, steshenwagoni si saluni iliyorefushwa paa tu: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90 dhidi ya 2.74, na ekseli ya nyuma ni ya aina nyingine. Aliyebeba shafti ya steshenwagoni kwa basi usiku kucha ili aifunge kwenye saluni amejichosha bure.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali panapolithibitisha hilo kama gari lililofunguliwa. Miezi 6 baada ya kuvua mlango, hakuna anayekumbuka skrubu ipi ilitoka wapi. Simu yenye kamera imeokoa miradi mingi kuliko spana ghali: piga picha kabla ya kufungua kila kitu, weka bolti kwenye mfuko wake, andika juu ya mfuko kwa kalamu isiyofutika. La muhimu zaidi, usivue gari zima. Maliza upande mmoja ndipo uanze mwingine. Gari lililovuliwa lote, kisha fedha zikaisha mwezi wa karo za shule, ndilo hasa linaloishia kwenye mizani ya chuma chakavu, na hapo huuzwa kwa bei ndogo kuliko lilivyokuwa kabla halijaguswa.

Sasa injini. Ikiwa imekaa miaka, isipigwe starta. Toa plagi, mimina mafuta ya injini kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha uizungushe kwa mkono kwa spana kwenye nati ya krenkishafti. Ikigoma, isilazimishwe. Petroli ya zamani hugeuka kama gundi, kwa hiyo tangi, paipu na kabureta visafishwe kabla tone jipya halijaingia.

Silinda za injini hii ni vikombe vya chuma vinavyochomolewa, ambavyo mafundi huviita slivu, na maji ya rejeta huvizunguka moja kwa moja. Huo ni uhondo kwa mtengenezaji wa nyumbani: slivu, pistoni na ringi hubadilishwa pamoja bila kupeleka bloku kuchongwa. Una masharti yake lakini. Hedi ikishatolewa, slivu zibanwe kwa bolti na vipande vya chuma kabla ya mtu yeyote kugusa krenki. Zikiinuka hata kidogo, mpira wa chini huachia na maji hushuka kwenye mafuta. Dalili yake ni mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kurudisha, kila slivu lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo mno ya milimita ili gasketi ibane, na kipimo hicho hakikadiriwi kwa kidole. Fundi asemaye anakijua kwa macho apewe kazi nyingine.

Hedi yenyewe ni ya alumini, na hapa madereva wa ukanda huu wamejidhuru kwa miaka mingi. Maji ya bomba, au ya mto pale safari ilipokuwa ndefu, yaliyotiwa kwenye rejeta bila dawa ya kuzuia kutu, hula alumini taratibu hadi njia za maji zinapanuka na kukaribia ukingo wa gasketi. Hedi ikaguliwe na mtu wa mashine ya kunyooshea kabla ya kununua gasketi, maana gasketi mpya juu ya hedi iliyolika ni fedha iliyotupwa.

Kuna wanaoona haya yote ni mateso na kufunga injini ya Toyota. Si dhambi. Mtu anayehitaji gari la kwenda shambani ana haki ya kuchagua kinachopatikana dukani Jumatatu asubuhi. Lakini ajue kwamba injini ikibadilishwa ni lazima namba mpya iandikishwe, na kwamba bei atakayopata siku ya kuuza kwa mtu anayezipenda 504 itashuka mno. Injini ya asili iliyojengwa vizuri hudumu, na mafundi wanaoijua kwa mikono yao bado wapo, ingawa wengi ni wazee na vijana wanaowasaidia wamefundishwa magari ya kompyuta. Mzee wa namna hiyo akikubali kuja uani siku za Jumamosi, mwenye gari amtengee chai, na amwite kijana wa mtaani asimame pembeni atazame.

Breki hazina mjadala. Gari lililosimama miaka 10 lihesabiwe kuwa halina breki hata kama pedali inasimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na kutia kutu ndani ya masta silinda, na mipira huvimba kwa ndani huku kwa nje ikionekana mizima. Badilisha mipira yote na mafuta yote. Vivyo hivyo nyaya: panya hupenda kulala chini ya dashibodi, na waya uliotafunwa hauonekani hadi moshi utoke. Fyuzi irudi kuwa fyuzi. Karatasi ya sigara iliyowekwa na dereva wa mwaka 1989 itolewe.

Rangi ije mwisho, baada ya gari kutembea kwa nguvu zake lenyewe na kurekebishwa kila kinachovuja. Anayepaka mapema ataikwaruza siku anarudisha injini. Karatasi, kwa upande mwingine, zije mwanzo kabisa. Kadi ya gari, ambayo Kenya huitwa logibuku, ilinganishwe na namba iliyogongwa kwenye bodi siku ileile ya kununua. Ikiwa mwenye jina amefariki, warithi wasaini mbele ya mwanasheria kabla gari halijatoka uani, kwa sababu baada ya kung'aa kila ndugu atakumbuka kwamba lilikuwa la baba.

Siku ya kwanza barabarani isiwe safari ya Krismasi kwenda kijijini. Kilomita 20 asubuhi, kurudi, kuegesha juu ya karatasi safi ili matone yahesabiwe, kupima mafuta na maji injini ikiwa imepoa. Baada ya kilomita mia kadhaa, vavu zipimwe upya, mafuta ya kwanza yamwagwe, na bolti za hedi zikazwe tena kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Ndani ya buti pabaki lita 5 za maji, mkanda wa feni wa akiba, plagi 4 na jeki inayofanya kazi.