Nakala Inayobaki Steshenari

Kila mwaka, dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Mwanza, kuanzia Nyegezi, Mkolani, Buhongwa mpaka njia panda ya Usagara, hugeuka kaunta za serikali. Mwombaji huja na bahasha, na kijana wa steshenari ndiye anayekaa kwenye kibodi. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, picha na kitambulisho cha mdhamini, namba ya akaunti ya benki na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Fomu huprintiwa, ikazungushwa kwa viongozi wa mtaa na kwa wakili ili ipate sahihi na mihuri, kisha ikarudi kuskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Mwombaji akimaliza hulipa, huhesabu karatasi zake moja moja na kuondoka. Mafaili hayaondoki naye. Yanabaki kwenye desktopu, “mkopo”, “mkopo mpya”, “mkopo wa mwisho kabisa”, yamepangana na ya watu wengine, na mteja anayesubiri CV yake itoke kwenye printa ana muda wa kutosha kuyasoma majina.

Ushauri wa usalama wa kompyuta, kwa kawaida, humwelekea mteja: weka neno la siri gumu, usisahau kutoka kwenye akaunti yako. Unamfaa aliyekaa mbele ya kibodi. Huyu wa kwetu amesimama upande wa pili wa kaunta, kioo kimempa mgongo, na mara nyingi hata barua pepe yake imefunguliwa na kijana yuleyule, neno la siri likaandikwa kwenye daftari la dukani ili lisisahaulike. Kumwambia alinde mafaili yake ni kumtwisha mzigo asioweza kuushika. Ninavyoona mimi, wajibu ni wa mwenye mashine, na kufuta kunapaswa kuwa sehemu ya kazi aliyolipwa, sawa na kuskani.

Kufuta kwenyewe kuna ngazi zake. Faili lililofutwa kwa kawaida huhamia kwenye pipa la taka la kompyuta na kukaa humo mpaka pipa limwagwe. Hata likimwagwa, kwenye diski za kizamani kinachoondoka kwanza ni anwani ya faili tu. Maandishi hubaki mpaka yaandikiwe juu, na programu za bure za kuyafufua zipo tele. Kuificha folda si ulinzi, kwa kuwa kubofya mara mbili tatu kunaifichua. Dirisha la faragha la kivinjari husahau kurasa ulizotembelea na akaunti ulizoingia, lakini faili ulilopakua linabaki palepale liliposhukia. Na WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta ya duka huendelea kupokea ujumbe mpaka mwenye simu aikate.

Kinachofanya kazi ni kutoliacha faili tangu mwanzo. Skana ielekezwe kwenye flashi ya mteja, na asiye na flashi atumiwe kwenye simu yake, kisha nakala ya duka ifutwe akiwa bado amesimama pale. Kwa mashine inayoguswa na wengi, programu kama Deep Freeze huirudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa upya, na yote ya siku hiyo yakapotea. Kinachopaswa kukaa kifungwe kwa neno la siri kwa programu kama 7-Zip, ambayo ni ya bure.

Wapo watakaouliza mwizi atafanya nini na vyeti vya mtoto wa mvuvi wa Ukerewe. Ni kweli kwamba laini ya simu inadai alama ya kidole, kwa hiyo namba ya NIDA peke yake haitoshi kuisajili. Lakini tapeli hahitaji laini yako. Anahitaji kujua jina lako, shule uliyosoma na mdhamini wako ni nani, ili akipiga simu kujifanya ofisa wa mikopo umwamini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni. Katika soko la namna hiyo, kitambulisho cha mtu na sahihi yake ni mali.

Hoja ngumu zaidi ni ya wenye maduka. Wanasema mteja mwenyewe hurudi baada ya miezi mitatu akiuliza, “CV yangu si ipo humo?”, na ukimwambia imefutwa anahamia duka la jirani. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana siungi mkono kufuta kimyakimya. Mteja aulizwe. Akitaka itunzwe, itunzwe kwa neno la siri analolijua yeye. Cheti cha kifo na kitambulisho cha mdhamini si CV, na sijasikia sababu ya kuviweka miezi mitatu. Wengine watalalamikia flashi zinazoleta virusi. Hiyo ni kazi ya programu ya kuzuia virusi, ambayo duka linaihitaji hata bila wateja hawa.

Serikali nayo ina ukigeugeu wake. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wafunge kamera za kurekodi yanayofanyika ndani, yaani hofu ilikuwa mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, iligeuza sura hiyo: anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ndiye anayewajibika, na hatakiwi kukaa nazo zaidi ya haja iliyomfanya azichukue. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa Aprili 2024. Kwa mizani hiyo, duka la meza mbili na printa moja pale Buhongwa linashika taarifa za watu kama benki inavyozishika, ingawa mwenye duka hajaambiwa. Jiji la Mwanza hukutana naye kila anapohuisha leseni ya biashara. Karatasi moja ya maelekezo, ikitolewa pamoja na leseni hiyo kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa, itamfikia bila Tume kutuma mtu yeyote.