Marathon ni Kumaliza: Kimbieni Wawili!

Septemba 15, 2025 wengi wetu tulikuwa tumelala fofofo wakati Alphonce Simbu anaisaka dhahabu mjini Tokyo. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyoamua kwamba kijana wa Singida katangulia. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kulipokucha, kila mtu "tumeshinda!"

Sawa, tumeshinda. Lakini sisi na nani, wakati wewe na mwenzi wako hata dukani hapo tu mnapanda bodaboda?

Fahari ya kumaliza

Marathon ina heshima yake ya pekee. Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka 1989 akashinda New York. Lakini anayesimuliwa zaidi ni John Stephen Akhwari. Mexico, mwaka 1968, alianguka na kuumia goti, akaendelea kuchechemea hadi uwanjani, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu.

Kutoka Masasi hadi Ndanda

Ukiwa Masasi, kilomita 42 na ushee ni kama kutoka mjini hadi Ndanda. Huko mbio na taifa si wageni: Mwenge wa Uhuru unapopita, watoto wa shule hujipanga barabarani kuupokea. Newala nako, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, alfajiri kuna ubaridi mtamu kwenye njia za mikorosho.

Halafu wapo bibi zetu. Maji juu ya uwanda ni ya shida, hivyo kwa miaka mingi wanawake waliteremka bondeni kuyateka, wakaupanda mlima na ndoo kichwani. Hakuna aliyewavika medali.

Mjomba atasemaje?

Leo mjukuu wa bibi huyo ni mwalimu au nesi. Akitoka saa kumi na moja alfajiri na trakisuti, mtaa unanong'ona. Mume naye anauliza: "Unamkimbilia nani?" Na kusini, ambako mjomba ana sauti kwenye ndoa, kesi inaweza kufika mbali!

Kaka, tuseme ukweli. Bibi alikimbizana na ndoo, akasifiwa kuwa mchapakazi. Mjukuu akikimbia kwa afya yake, eti anaringa. Huwezi kumshangilia Simbu kwenye runinga huku umemfungia mkeo mlango. Dawa ni rahisi: vaa raba, toka naye. Mjomba akiuliza alikuwa na nani, jibu lipo.

Mambo ya kuzingatia

• Anzeni kidogo. Tembeeni, kimbieni, tembeeni tena, hadi mzoee kilomita 5. Kumi na ishirini na moja zitafuata. Arobaini na mbili inataka maandalizi ya miezi mingi.

• Kimbieni huku mnaongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Mwenye kasi amfuate mwenye pumzi fupi, asimwache nyuma kisha amcheke.

• Wahini kabla jua halijachomoza, na maji msisahau. Mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo aanzie kwa daktari.

• Hela ya msimu wa korosho ikiingia, nunueni raba za wote wawili kabla ya simu mpya ya mmoja.

Medali ya Tokyo ni ya nchi nzima, lakini aliyeitafuta aliamka alfajiri nyingi ambazo hakuna kamera iliyokuwepo. Alfajiri hizo hata ninyi mnazo. Basi Jumamosi hii mwamshe mwenzio kwa upole, mfunge kamba za viatu, mtoke. Siku mkimaliza mbio yenu ya kwanza, hata mkiwa wa mwisho kama Akhwari, mtasema "tumeshinda" na majirani watawaelewa.