"Hatukuona Kitu": Jibu la Maabara Lina Maana Gani? Kisa cha Kidonda cha Buruli



Muhula uliopita mtoto mmoja wa darasa langu aliacha kuja shule. Nilipofika kwao nikamkuta mkono wa kulia umefungwa kitambaa kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Baba yake akanieleza kwamba kilianza kama kiuvimbe kidogo kisichouma, mtoto anacheza nacho tu. Baadaye kikapasuka. Walienda kliniki mara moja, wakachukuliwa usaha ukapakwa kwenye kioo, na jioni wakaambiwa: "Hatukuona kitu." Basi baba akaelewa kuwa huo si ugonjwa wa hospitali, eti kuna mtu kamtupia mtoto. Wakageukia majani. Miezi imepita, kidonda kimefunga nusu, na mkono umekunjika haunyooki.

Sisemi kilikuwa kidonda cha Buruli. Hakuna anayejua, kwa sababu hakikupimwa tena. Lakini kisa hicho kilinifanya niulize na kusoma, na nimeona niwaletee niliyoyapata.

Buruli ni jina la mahali. Ni eneo la Uganda, siku hizi wilaya ya Nakasongola, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Kabla ya hapo, mwaka 1897, daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, alikuwa ameshaandika habari za vidonda vya namna hiyo. Na jamani, wakimbizi wamo katika historia hii. Miaka hiyo ya 1960 watafiti wa Uganda walijifunza mengi juu ya ugonjwa huu kwa wakimbizi wa Rwanda waliokaa Kinyara, kando ya mto Nile. Kwetu Kongo unajulikana hasa huko Songololo, upande wa Kongo ya Chini. Kwa jumla umeripotiwa katika nchi zisizopungua 33, ila wagonjwa ni wachache, ndiyo maana hata wahudumu wengi hawajawahi kuuona.

Bakteria wake anaitwa Mycobacterium ulcerans, ni ndugu wa yule wa kifua kikuu na yule wa ukoma. Anatoa sumu inayoua nyama na mafuta chini ya ngozi, na sumu hiyohiyo inapunguza maumivu. Ndiyo hatari yake: mtoto halii, kwa hiyo mzazi hana haraka. Juu unaona tundu dogo, kumbe chini ya kingo ngozi imeshaachana na nyama. Afrika, karibu nusu ya wagonjwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Namna bakteria anavyoingia mwilini bado haijathibitishwa, lakini si ugonjwa wa kuambukizana kwa kukaa pamoja, hivyo msimtenge mtoto.

Sasa tuje maabara. Kuna njia nne, na hazina nguvu sawa.

Ya kwanza ni ile aliyofanyiwa mwanafunzi wangu, hadubini. Usaha unapakwa kwenye kioo, unatiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, halafu unaoshwa kwa asidi yenye spiriti. Bakteria wengine wote wanapoteza rangi. Jamii hii ya kifua kikuu ina ganda la mafuta linaloshikilia wekundu, kwa hiyo wakiongeza rangi ya buluu, vijiti vyekundu vinajitokeza. Ni kipimo kilekile cha makohozi. Uzuri wake ni kwamba ni rahisi na majibu ni ya siku hiyohiyo. Ubaya ni kwamba bakteria hawa hawakai kila mahali kwenye kidonda, wanajificha mafungumafungu chini ya kingo. Ukichota katikati huwapati. Katika wagonjwa 10 wa kweli wa Buruli, hadubini inawaona 4 hadi 6 tu. Hao wengine wanaambiwa "hatukuona kitu," na ni wagonjwa kabisa. Tena hata vijiti vikionekana, hadubini haiwezi kusema kama ni vya Buruli au vya kifua kikuu cha ngozi.

Ya pili ni kuotesha bakteria. Wataalamu wa Australia waliofanikiwa kumwotesha na kutangaza mwaka 1948 waligundua kwamba hapendi joto la mwili la nyuzi 37. Anataka nyuzi 29 hadi 33, na ndiyo maana anapenda mikono na miguu, ambako ngozi ni ya baridi kidogo. Anakua polepole mno, wiki 9 hadi 12 au zaidi, na mara nyingi haoti kabisa. Huwezi kumsubirisha mtoto hivyo. Ya tatu ni kukata kipande cha nyama na kukichunguza. Inaona vizuri, ila inahitaji kisu na daktari bingwa, na siku hizi haishauriwi kama ni kwa kutambua ugonjwa tu.

Ya nne ndiyo Shirika la Afya Duniani linaitegemea zaidi, inaitwa PCR. Haimtafuti bakteria mzima, inatafuta kipande cha vinasaba vyake. Kipande hicho kimejirudia zaidi ya mara 200 ndani ya bakteria mmoja, kwa hiyo hata wakiwa wachache kinapatikana. Mashine inapasha joto, inapoza, na kila mzunguko kipande kinarudufiwa kama kwenye fotokopi: 1 kinakuwa 2, 2 vinakuwa 4, 4 vinakuwa 8. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo waendelee hadi mara 30. Walipita bilioni moja, na chaki ikaisha. Kazi hiyo mashine inaifanya kwa saa chache. Kinachochelewesha majibu ni safari ya sampuli, maana mashine ziko mbali. Tangu 2019 kuna mtandao wa maabara za Afrika zinazopima Buruli, unaoratibiwa na Centre Pasteur ya Yaoundé, Kamerun, na maabara ya INRB ya Kinshasa imo.

Lakini hata PCR haiwezi kuona kisichochotwa. Kama kidonda kimefunguka, mhudumu anapitisha kijiti cha pamba chini ya kingo, akizunguka kidonda chote. Kama ni uvimbe bado, anavuta majimaji kwa sindano nyembamba. Mtoto atalia kidogo, mshikeni tu. Wazazi wengine huwa wanasema "wanamchimba mtoto," wakamvuta mkono na kuondoka. Naelewa. Ila hapo chini ya kingo ndipo bakteria alipo, na damu ya kidoleni kama ya malaria haisaidii. Mwambieni mhudumu pia kama mtoto ameshameza dawa, au kama kidonda kimewekwa majani au unga wowote. Angalieni jina lake limeandikwa kwenye chupa, muulize mrudi siku gani. Na mkiambiwa hakikuonekana kitu huku kidonda kinaendelea, ulizeni: "Ni kwa hadubini au kwa PCR? Tunaweza kuchukua tena?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Ikithibitika, dawa zipo: rifampisini pamoja na klarithromisini, za kumeza, wiki 8. Vidonda vikubwa vinahitaji upasuaji pia, na mazoezi ya kunyoosha kiungo yaanze mapema. Msishangae baada ya matibabu wasiporudia PCR, kwani inaona hata vinasaba vya bakteria waliokufa.

Yule mwanafunzi amerudi darasani, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Baba yake amekubali kumrudisha kliniki wiki ijayo, nami nitawasindikiza. Mzazi mwenye mtoto wa uvimbe usiouma anikute shuleni Jumamosi asubuhi, twende pamoja.

Mwalimu wa kujitolea, shule ya msingi