Kabla Hujazamia, Uulizie Mto

Rafiki yangu wa Dar amedunduliza pesa mwaka mzima ili aende kupiga mbizi kwa mara ya kwanza. Juzi kanitumia picha tatu za bahari ya buluu, akauliza: "Wewe mtu wa Makurunge, niende wapi nikaone matumbawe mazima?" Nikamwambia buluu haitoshi. Kuna maswali matatu ya kuuliza kabla hujalipa.

La kwanza: mto uko wapi? Huku kwetu Ruvu unaingia baharini kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, na mbele zaidi unaingia Wami. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, hivyo masika yakipiga mashamba ya mlimani, udongo wake husafiri mpaka pwani. Sasa, tumbawe ni mnyama, ila ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo sana unaomtengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tope likitanda, mwanga unapungua, mnyama anashinda njaa.

Lakini usikatae mahali kwa kuangalia ramani tu. Mafia inatazamana na delta ya Rufiji, ila Ghuba ya Chole iko upande wa pili wa kisiwa. Maji ya bahari kuu huingia na kutoka humo kwa mlango wa Kinasi kila yanapojaa na kupwa, nayo huyasafisha maji ya ghuba.

La pili: joto lilipita lini? Maji yakizidi kilele chake cha kawaida kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, tumbawe huufukuza ule mwani na kubaki jeupe. Huko ndiko kupauka. Hapo bado halijafa. Maji yakipoa mapema linaweza kupona. Matumbawe ya pwani yetu yalipauka vibaya mwaka 1998, na tena 2016 na 2024. Kwa hiyo picha ya miaka kumi iliyopita si ushahidi. Omba ya msimu huu.

La tatu: nani analinda? Pono hukwangua mwani unaoota juu ya mwamba. Wakivuliwa wote, mwani unafunika mahali ambapo matumbawe machanga yangejishika. Baruti nayo inaacha kifusi kinachobingirika na mawimbi, na juu ya kifusi hicho matumbawe hayakui. Ndiyo maana ulinzi una uzito. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995. Chumbe, karibu na Unguja, ilitangazwa hifadhi 1994, na huko watalii hawazamii kwa mitungi ya hewa kabisa: ni miwani na mrija tu.

Tahadhari moja: usimchukulie papa potwe kama cheti cha afya ya mwamba. Wale wa Kilindoni wanafuata vijidudu vinavyoelea majini, hawafuati matumbawe.

Nilimshauri aende Chole, Oktoba au Novemba, kusi ikishatulia. Na kabla ya kulipa, amuulize mwenye boti: "Mara ya mwisho yalipauka lini, na yapi yamepona?" Anayejua mwamba wake atakujibu bila kubabaika. Anayekwambia "kila kitu safi" tu, mshukuru, uendelee kutafuta.

Na sisi tusiozamia tumo pia. Mikoko ya mdomo wa Ruvu hunasa udongo kabla haujafika baharini. Gunia la mkaa wa mkoko likipita barabarani, ujue kuna tope linaloelekea kwenye matumbawe.