Lantana bomani: Kufyeka hakutoshi, ng'oa mzizi

VICHAKA vya lantana ni jambo la kawaida katika maboma mengi kuanzia viungani mwa Kisumu hadi Siaya na Homa Bay. Baadhi vilipandwa viwe ua. Vingine vilijiotea baada ya ndege kula matunda yake meusi na kudondosha mbegu. Ndiposa Waluo wakauita mmea huo nyabend winy, neno winy likimaanisha ndege.

Asili ya lantana ni maeneo ya joto ya bara Amerika. Ilisambazwa duniani kama pambo la bustani, ikageuka gugu sugu. Ng'ombe au kondoo akila majani yake, ini huharibika na ngozi hubabuka akikaa juani.

Ufuo wa Ziwa Victoria una sababu nyingine ya kutahadhari. Mnamo 1964, malale yalizuka Alego. Ilibainika kuwa mbung'o wa aina ya Glossina fuscipes, ambao kwa kawaida hukaa kandokando ya ziwa na mito, walikuwa wamehamia katika vichaka vya lantana vilivyozunguka makazi. Watu na ng'ombe waliumwa papo hapo nyumbani.

Kisa cha mwisho cha malale kwa mwenyeji nchini kiliripotiwa 2009, na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeyatokomeza kama tatizo la afya ya umma. Hata hivyo, mbung'o wangalipo, na bado hueneza nagana kwa mifugo.

Wengi hukosea kwa kufyeka tu au kutia moto. Kisiki kikibaki, lantana huchipuka tena, mara nyingi ikiwa nene kuliko awali.

Wakati mwafaka ni Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu. Kwanza, piga kichaka kwa fimbo ndefu ili nyoka akiwamo atoke. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu, kwa kuwa matawi yana miiba. Kata matawi kwa panga, lakini acha shina lenye kimo cha goti. Hilo ndilo la kushikia. Chimbua pande zote kwa sururu, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha inua kisiki kwa mtaimbo.

Matawi yenye matunda yasitupwe kwenye mbolea wala kuachwa mifugo inapopita. Yakaushwe, kisha yachomwe mbali na nyumba.

Mvua ikinyesha, mbegu zilizosalia ardhini zitaota. Miche hiyo ing'olewe kwa mkono ingali michanga, na mahali pake pafunikwe kwa viazi vitamu au nyasi za mifugo.

Kwa wanaoishi ukingoni mwa mto au ziwa, ni heri kung'oa sehemu ndogo ndogo, nyasi zikishika ndipo sehemu nyingine ifuate. Udongo ulioachwa wazi huishia ziwani.