Umebadilisha programu ya kuhariri picha? Usitupe picha ya asili

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, nilikuwa miongoni mwa waliozunguka vijijini na kamera. Nilipiga nyumba zilizozungukwa na maji, mashamba ya mpunga yaliyofunikwa, na watu waliovuka kwa mitumbwi mahali ambapo wiki chache nyuma walipita kwa baiskeli. Niliporudi ofisini nilizihariri picha zile: nikaongeza mwanga, nikakata pembeni, nikarekebisha rangi.

Baadaye tukabadilisha programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Siku ya kwanza nilipofungua picha za mafuriko ndani ya programu mpya, nilihisi tumbo limenikata. Zilikuwa zimefifia, nyingine nyeusinyeusi, na zile nilizokuwa nimezikata vizuri zilikuwa zimerudia upana wake wa mwanzo. Kazi ya siku kadhaa haikuonekana.

Wiki hiyohiyo mzee mmoja wa Muhoro alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ile picha ya nyumba yangu bado unayo?" Alikuwa anabishana na wanawe kuhusu kujenga upya. Wao walisema maji hayakufika juu sana na wajenge palepale. Yeye alisema yalipita usawa wa dirisha. Alitaka picha iamue.

Nitarudi kwa mzee huyo. Kwanza tuelezane kilichotokea, kwa sababu vijana wengi wanaopiga picha za harusi na mahafali Kibiti, Bungu na Ikwiriri wanatuuliza swali hilohilo: ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, picha zako zinakwenda wapi?

Picha ghafi ni nini?

Wazee wetu walisema "kusafisha picha". Ulipiga picha kwa filamu, ukapeleka studio, ikasafishwa kwa dawa, ukapata negativu. Kutoka negativu hiyo ungeweza kutoa picha kumi, moja yenye mwanga zaidi, nyingine yenye giza kidogo, na negativu ikabaki vilevile.

Picha ghafi, ambayo wapiga picha wenyewe huiita "rawu", ni kama filamu ambayo bado haijasafishwa. Ni kumbukumbu ya mwanga wote ulioingia kwenye kamera kabla mashine haijaamua rangi iwe vipi. Picha ya kawaida, ile ya JPG, imekwisha kusafishwa na simu au kamera yenyewe, na sehemu ya taarifa zake imetupwa ili iwe nyepesi.

Chukua mfano wa samaki. Picha ghafi ni samaki aliyeshushwa sasa hivi Nyamisati. Unaweza kumchoma, kumkaanga au kumpika kwa nazi. JPG ni samaki aliyekwisha kukaangwa. Unaweza kumwongezea limau, lakini huwezi kumrudisha awe mbichi.

Tofauti yenyewe inahesabika. JPG ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi kati ya tatu: nyekundu, kijani na bluu. Picha ghafi ya kamera nyingi ina ngazi 4,096 au hata 16,384. Ndiyo maana bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe saa sita mchana, uso wake ukiwa kivulini, anaweza kuokolewa kwenye picha ghafi. Uso unaangazwa na kanzu haipotei. Ni hivyohivyo kwa mvuvi aliye chini ya kivuli cha mikoko huku maji nyuma yake yanang'aa.

Gharama yake ni ukubwa. Picha ghafi moja inaweza kula nafasi mara tano au zaidi ya JPG. Kwenye simu yenye nafasi ndogo, hilo si jambo la kudharau.

Na si kamera kubwa tu. Simu za Android zilianza kuruhusiwa kuhifadhi picha ghafi kuanzia toleo la 5.0 mwaka 2014, na iPhone kuanzia iOS 10 mwaka 2016. Si kila simu inayo huduma hiyo. Fungua kamera yako, tafuta sehemu iliyoandikwa "Pro", kisha angalia kwenye mipangilio kama kuna neno RAW au DNG. DNG ni aina ya faili la picha ghafi iliyoanzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 2004 ili isomwe na programu nyingi.

Kwa nini zilirudi giza?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Unapohariri picha ghafi, programu haigusi picha yenyewe. Inaandika maelekezo pembeni: ongeza mwanga kiasi hiki, kata hapa, punguza njano. Maelekezo hayo hukaa ndani ya daftari la programu au kwenye kifaili kidogo kinachokaa kando ya picha, mara nyingi kinaishia na herufi XMP.

Kwa hiyo unapohamia programu mpya, unahama na samaki, lakini daftari la mapishi limebaki kwa mpishi wa zamani. Mpishi mpya anakuonyesha samaki mbichi. Hata akipewa daftari lile, anaweza kusoma mistari michache tu, kwa sababu kila programu ina namna yake ya kukokotoa mwanga na rangi. Kwa kawaida, vinavyohama kwa urahisi ni nyota ulizoweka, maneno ya utambulisho, na pengine marekebisho machache ya msingi. Mengine utayafanya upya.

Kuna jambo jingine. Picha ghafi inapoonekana vizuri kwenye kioo cha kamera, unachokiona ni kijipicha kilichosafishwa ambacho kamera imekiweka ndani ya faili. Programu ya kompyuta ikianza kusoma picha ghafi halisi, rangi hubadilika. Picha haijaharibika. Ndiyo kwanza inasubiri kusafishwa.

Kwa nini watu wanahama?

Sababu kubwa ni fedha. Lightroom ya Adobe ilitoka mwaka 2007, na zamani uliinunua mara moja ikawa yako. Toleo la 6 la mwaka 2015 ndilo lilikuwa la mwisho kuuzwa hivyo. Sasa ni malipo ya mwezi au ya mwaka. Kwa mpiga picha ambaye kazi zinamjia msimu wa harusi na kukauka wakati wa Ramadhani, malipo yasiyosimama ni mzigo. Ukiacha kulipia Lightroom Classic ya kompyuta, bado unaweza kuona picha zako na kutoa nakala, lakini sehemu ya kusafishia inafungwa.

Sababu nyingine ni kwamba programu nayo hufa. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitangaza kuachana na Aperture, programu iliyotegemewa na wapiga picha wengi duniani. Walilazimika kuhama wote, wapende wasipende.

Zipo za bure. Kwa kompyuta kuna darktable, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2009, na RawTherapee. Zote mbili ni programu huria: huzilipii na hazihitaji intaneti ukishaziweka. Kwa simu kuna Snapseed ya Google, ambayo ni bure na inafungua faili za DNG. Zinahitaji uvumilivu wa kujifunza, maana vitufe haviko mahali ulipovizoea.

Jihadhari na programu zilizovunjwa kufuli zinazosambazwa kwa flashi, zile vijana wanaita "kraki". Nyingi huja na virusi, na virusi vikiingia, picha za wateja wako ndizo za kwanza kupotea. Pakua kutoka tovuti ya wenye programu wenyewe, au kwenye duka la programu la simu yako.

Hatua sita za kuhama salama

1. Usifute programu ya zamani. Iache mpaka uhakikishe kila kitu kimehama. Kama unalipia, hama kabla muda haujaisha.

2. Toa nakala za JPG zenye ubora wa juu za kazi zote zilizokamilika. Hizo zimebeba marekebisho yako ndani yake, na programu yoyote itazifungua zikiwa vilevile.

3. Iambie programu ya zamani iandike maelekezo yake kwenye faili za XMP, kama ina uwezo huo. Hata kama programu mpya itasoma kidogo, ni afadhali kuliko kukosa vyote.

4. Weka nakala mbili za picha ghafi kwenye vifaa viwili tofauti, na visikae nyumba moja. Sisi wa bondeni tunajua maji hayachagui kabati. Kimoja kikiwa kwako Salale au Mbuchi, kingine mpe ndugu aliye Kibiti mjini au Dar es Salaam. Usinakili wakati umeme unakatikakatika, na ukimaliza fungua picha chache uone kama zimefika nzima.

5. Jaribu na picha ishirini kwanza: za jua kali, za ndani, za usiku, za watu wa rangi tofauti za ngozi. Zihariri katika programu mpya mpaka uridhike.

6. Anza kazi mpya kwenye programu mpya, na kazi za zamani ziache zilivyo. Huna haja ya kuhariri upya harusi ya miaka mitatu iliyopita. Mteja akiitaka, nakala ya JPG unayo.

Wewe mwenye simu tu

Pengine hupigi picha ghafi wala huna kompyuta. Somo la picha ya asili linakuhusu pia.

Ukikata picha au kuiongezea mwanga, hifadhi kama nakala mpya, usiandike juu ya ile ya kwanza. Picha ya asili hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa, na kama umeruhusu, hata mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na taarifa hizo huondolewa. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama "dokumenti": bonyeza alama ya kuambatisha, chagua faili, kisha chagua picha yako. Itakula bando zaidi, lakini itafika nzima.

Hili lina maana kwa mwenye shamba lililozama, kwa mvuvi aliyeharibiwa nyavu, kwa kikundi kinachopanda mikoko na kutaka kuonyesha miaka mitano baadaye ufukwe ulikuwaje. Delta yetu imewahi kupigwa picha tangu zamani. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipozama humu Julai 1915, mabaki yake yalipigwa picha ambazo mpaka leo zinatazamwa, zaidi ya miaka 100 baadaye. Mashine zilizosafisha picha hizo hazipo tena. Picha zipo kwa sababu kuna watu waliozitunza.

Ile picha ya Muhoro

Sasa nirudi kwa mzee. Nakala niliyokuwa nimeihariri ilikuwa nzuri: yeye amesimama kwenye mtumbwi, nyuma yake ukuta wa nyumba, rangi zimetulia. Lakini nilikuwa nimekata upande wa kulia ili yeye awe katikati. Katika programu mpya ile kazi yangu yote ilikuwa imetoweka, na picha imerudi nzima, yenye giza na upana wake wote. Upande ule wa kulia lilikuwapo dirisha. Maji yalikuwa yamelipita ukingo wake wa chini.

Niliiongezea mwanga kidogo, sikuikata, nikamtumia mwanawe mkubwa kama dokumenti. Jioni mzee akanipigia. "Wameona," alisema. "Tunatafuta kiwanja kule juu."

Kama una swali kuhusu simu, kamera au kompyuta yako, tutumie ujumbe au tupigie wakati wa kipindi. Na kabla hujafuta chochote kwenye simu ili kupata nafasi, hakikisha kwanza picha ya asili ina nakala mahali pengine.