Chupa ya Damu Inapolia

"Majibu ya damu bado?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote dirishani pa maabara yetu, na aghalabu anayeuliza ni bibi au baba wa mtoto aliyelazwa wodi ya wachanga. Majibu ya malaria alipewa kabla hajakaa vizuri kwenye benchi. Haya ya kuotesha damu anaambiwa aje keshokutwa. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, upande wa vimelea, na kwa miaka mingi sikuwa na neno jingine la kumpa zaidi ya "Bado, mama, vuta subira."

Anastahili kuelezwa subira hiyo ni ya nini. Bakteria walioingia kwenye damu hawahitaji kuwa wengi ili waue. Katika mililita moja ya damu ya mtu mzima wanaweza wasifike hata 10 walio hai. Ukiitazama damu hiyo moja kwa moja kwa darubini, utatazama mpaka macho yaume. Kwa hiyo tunaitia kwenye chupa yenye mchuzi wa lishe, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, 1 hadi 3 kwa mtoto, na chupa inalazwa kwenye mashine yenye joto kama la mwili. Humo bakteria hula na kuzaana. Wakishajaa, hewa ya kaboni wanayoitoa hubadilisha rangi ya kitako cha chupa, na mashine inalia. Mara nyingi hupita saa 12 hadi 24 kabla haijalia. Hapo tunajua mdudu yupo, ila jina lake hatulijui. Kulijua, tunamwotesha tena kwenye sahani, siku nyingine hiyo. Kujua dawa ipi inamuua, siku nyingine tena.

Sasa weka siku hizo tatu kando ya hesabu ya Kilifi, pwani ya Kenya. Watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya pale kati ya 1998 na 2002, na matokeo yakachapishwa 2005. Watoto 1,094 walikutwa na bakteria kwenye damu. Walifariki 308. Kati ya hao, 103 walifariki siku ileile waliyolazwa, na ndani ya siku mbili walikuwa wamefika 217. Saba katika kila kumi ya waliofariki waliondoka kabla sahani haijasema neno. Takwimu hizo zinanichoma kila nikizisoma, kwa sababu karatasi za namna hiyo nimezisaini kwa mkono wangu: jina la mdudu lipo, dawa inayomfaa ipo, mgonjwa hayupo.

Vipimo vya haraka vya vinasaba vimekuja kugombania muda huo. Wengi wenu mmeshapimwa kwa njia hiyo, kwa UVIKO-19 au kwa kifua kikuu kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa 2010. Kila kiumbe ana vinasaba vyenye mpangilio wake. Mashine hutafuta kipande cha mdudu fulani na kukinakili mamilioni kwa mamilioni, mpaka kionekane.

Mradi mmoja wa utafiti ulituletea mashine ya BioFire FilmArray. Kipimo chenyewe ni kifuko bapa cha plastiki kinachoenea kiganjani, vitendanishi vimekaushwa ndani yake. Chupa ikilia, nachota majimaji kidogo, nayachanganya na dawa ya kuyeyushia, naingiza maji upande mmoja wa kifuko na sampuli upande wa pili, kisha nakichomeka. Kazi ya mikono ni dakika mbili hivi. Ndani, bakteria hutikiswa pamoja na chembe ngumu hadi wapasuke, vinasaba vyao vikasafishwa na kunakiliwa. Baada ya saa moja hivi, kifuko cha toleo la pili kinakuwa kimeshatafuta vitu 43: bakteria, fangasi, na vinasaba 10 vya usugu wa dawa.

Usiku mmoja ililia chupa ya mtoto njiti. Darubini ilinionyesha bakteria wenye umbo la vijiti, vya rangi ya waridi, basi. Kifuko kikaleta jina, Klebsiella pneumoniae, na chini yake kinasaba cha usugu, CTX-M. Mtoto alikuwa kwenye ampisilini na jentamaisini, dawa ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza wachanga waanzie. Klebsiella kwa asili yake hasikii ampisilini. CTX-M humpa nguvu ya kuvunja na seftriaksoni, na mara nyingi husafiri pamoja na usugu wa jentamaisini. Nikapiga simu wodini.

"Sista, yule njiti wa kwenye kitanda cha joto mlangoni, damu yake ina Klebsiella mwenye CTX-M. Mwamshe daktari, tafadhali."

"Subiri dada, naandika. Hilo la mwisho lirudie."

Nikalirudia herufi kwa herufi. Kabla ya alfajiri mtoto akawa ameanzishiwa meropenemu. Sahani zilikuja kusema yaleyale siku mbili baadaye.

Hata hivyo kifuko hakigusi zile saa za mwanzo. Chupa lazima ilie kwanza. Wale watoto 103 wa Kilifi kisingewafaa, maana mgonjwa wa siku ya kwanza hutegemea sindano ya kwanza, na daktari huichagua vizuri akijua wadudu wa hospitali yake wamezoea kukataa dawa zipi. Ujuzi huo hutoka kwenye sahani za kila siku. Wala kifuko hakijui usugu wote. Ukitaka kujua kama amikasini itafanya kazi, sahani ndiyo inayojibu.

Kuna utafiti wa kifuko cha aina hii uliofanyika Rochester, Minnesota, Marekani, ukachapishwa 2015, ambao napenda wakubwa wetu wausome. Wagonjwa walikuwa 617. Muda wa kulijua jina la mdudu ulishuka kutoka saa 22.3 hadi 1.3. Vifo havikupungua. Kilichopungua ni matumizi ya dawa kali zisizohitajika, na dawa zilipunguzwa mapema zaidi pale palipokuwa na wataalamu wa kumshauri daktari papo hapo. Naamini kwetu tofauti ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa wagonjwa wa kule huanzishiwa dawa zenye wigo mpana tangu mwanzo, na wetu wengi huanza na dawa ambazo mdudu ameshazizoea. Lakini majibu ya saa moja yakilala kwenye trei hadi raundi ya asubuhi, fedha imetupwa.

Na fedha si ndogo. Kifuko kimoja kinazidi dola 100 za Marekani. Mradi ulipokwisha, vifuko navyo vikaisha. Nimeomba tununuliwe vya wodi ya wachanga tu, kwa chupa zilizolia na kuonyesha vijiti vya waridi. Ombi liko mbele ya kamati ya dawa na tiba, nami sitaacha kulifuatilia.

Wewe mwenye mgonjwa wodini, muulize nesi kwa upole kama damu ya kuotesha imetolewa kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki. Ni kazi ya dakika chache, haimcheleweshei mtu tiba. Ikitolewa baadaye, dawa iliyomo kwenye damu inaweza kuwazuia bakteria kuota, chupa ikakaa siku tano kimya, na hapo hata mashine ya bei gani haina cha kusoma.